Glasi Niliyompa Baba

Karatina
29 Aprili 2024

Mwanangu Shiro,

Nilifika salama. Binamu yako Makena alinipokea uwanja wa ndege, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa kwenye kiti changu na kikombe cha chai yenye maziwa ya kueleweka, si yale maji meupe mnayokunywa huko.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: masikio yangu na simu havielewani tena. Ya pili ni kwamba ujumbe ukitumwa nasomewa na Makena, na jambo likimfikia Makena saa nne, saa tano soko zima la Karatina limelijua. Nilifundisha watoto kuandika barua miaka thelathini na minne. Sasa zoezi ni langu.

Hasa nataka kushukuru kwa ile jioni ya mwisho. Harrison alikuwa amenizungusha tangu asubuhi. Mtu ametoka Hayes, ameomba ruhusa kazini kwake kwenye mizigo ya ndege, amenipeleka hadi Kenton kumwona Suresh, ambaye hatukuwa tumeonana tangu afunge duka lake la misumari hapa Karatina. Akakaa ndani ya gari saa tatu nzima ili wazee wawili wacheke na kulia. Kijana wa namna hiyo, tena wa kanisa lenu, tena wa kwetu Kangema, hapatikani kila siku.

Nilidhani ananirudisha nyumbani kwako kulala. Kumbe ulikuwa unatungoja Lewisham, kwenye mkahawa wa Waitaliano, umevaa gauni la buluu, na meza ya viti vitatu imetandikwa kitambaa cheupe. Harrison alijifanya anaondoka. Nikamshika mkono nikamwambia aketi, kiti chake si hicho? Zile tambi, kusema kweli, hazikuwa zimeiva. Babu yako aliwapikia wafungwa wa Kiitaliano waliojenga barabara ya Mai Mahiu, naye alituambia wanazipenda hivyo, zikigoma kidogo kwenye meno. Tulidhani anatania.

Halafu ikaja divai. Yule weita mwenye mvi akakumiminia wewe kwanza, kidogo tu. Ukaonja. Kisha ukanipa glasi kwa mkono wako, Harrison akiwa ameketi hapo. Nikakuuliza, "Tuinywe?" Ukacheka ukajibu, "Tuinywe, Baba."

Mwanangu, sikutegemea. Mama yako alikufa kabla hajakufundisha mambo haya, na nilifikiri Uingereza imekumaliza. Zamani ilikuwa pembe ya ng'ombe na pombe yetu ya muratina, sasa ni glasi na divai, lakini neno ni lile lile: binti ameonja, baba amekunywa, mwanamume amekubaliwa. Nilipompa Harrison naye akanywa, machozi yalinitoka. Nilisema ni pilipili. Haikuwa pilipili.

Sasa naweza kuzeeka vizuri.

Baba yako,
Mwalimu Githinji


Lewisham
26 Mei 2024

Baba mpendwa,

Barua yako ilinikuta nimetoka shifti, nikaisoma kwenye ngazi kabla hata sijafungua mlango. Nashukuru Mungu ulifika salama.

Hapa kazi ni ile ile. Wadi imejaa, na lifti ya upande wetu imeharibika tena, kwa hiyo tunasukuma wagonjwa kupitia jengo la pili. Blandina, yule Mtanzania niliyekutambulisha kwake, anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hakuna mtu wa kumsahihisha Kiswahili chake, nami nikamwambia ashukuru.

Nafurahi kwamba uliipenda jioni ile. Divai ilikuwa nzuri kweli, ilitoka milima ya kaskazini ya Italia, na weita alinieleza habari zake nyingi ambazo sikuzielewa. Harrison ni mtu mwema, huo ni ukweli.

Ila nakuomba, Baba, usiwaambie watu bado. Kuna mambo nataka tuyazungumze taratibu. Nitakuandikia vizuri nikipata likizo.

Vaa sweta asubuhi.

Binti yako,
Shiro


Karatina
20 Juni 2024

Shiro mwanangu,

Barua yako imechelewa. Nilikuwa nimeshamwambia shangazi yako Margaret, na kumwambia Margaret ni sawa na kutangaza redioni.

Usiogope, mambo yamekwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Jumamosi iliyopita mama yake Harrison alikuja kulijua boma letu, kama desturi ya posa inavyotaka, wakiwa watu wanane. Walileta sukari, unga, na blanketi moja zito la kunifunika mabega. Mama yule ni mtu wa maneno machache na vitendo vingi, aliingia jikoni bila kuambiwa akaosha vyombo. Nilipowaambia kwamba umeandika tusiseme bado, walicheka wote. Margaret akasema binti asiye na haya ndiye wa kuogopwa.

Nataka ujue kitu, maana kwenye karatasi napata ujasiri. Tangu mama yako afariki, nimekuwa nikilala na wazo moja: nikiondoka, huyu mtoto anabaki na nani katika nchi ile ya baridi? Sasa ninalala tu.

Mniambie mtakuja lini. Sherehe ya Desemba ingetufaa, shule zikiwa zimefungwa.

Baba yako,
Mwl. Githinji


Hayes
7 Julai 2024

Shiro,

Simu zangu hupokei, na kanisani ukiniona unapita mlango wa pili. Sikulaumu. Naandika kwa sababu nimekosa njia nyingine.

Mama alinipigia kuniambia wameshapeleka blanketi kwa Mzee. Nilikuwa kazini, nikakaa juu ya sanduku la maua ya watu. Si kwamba sikujua. Ndiyo maana naandika.

Nilijua, Shiro. Mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea babu yangu kibuyu kwenye shughuli kama hizo. Ulipoonja na kumpa Mzee ile glasi, na yeye akakuuliza lile swali, nilikutazama usoni nikaona hujui unachoulizwa. Ulikuwa unaangalia mlango. Ningeweza kusema neno moja tu, hata kwa utani: "Mzee, huyu anaonja divai tu, hivi ndivyo wanavyofanya mahotelini." Tungecheka, tukala, nikarudi Hayes. Badala yake nilinyoosha mkono nikapokea glasi nikanywa. Ni miaka miwili nimekuwa nikikuomba kwa Mungu, nikajiambia labda hili ndilo jibu. Nilijua kwamba silo.

Nimemwandikia mama yangu ukweli, na nimejichukulia lawama yote. Kwa Mzee sijaandika. Hilo ni lako, na nikilisema mimi litakuwa ni kukuibia mara ya pili.

Nakuomba msamaha.

Harrison


Lewisham
28 Julai 2024

Baba,

Keti kwanza. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu.

Sikukubali kuolewa na Harrison. Ile glasi niliyokupa ilikuwa divai tu. Mahoteli ya huku yana desturi yao: aliyeagiza chupa ndiye anayemiminiwa kidogo aonje, akisema ni nzuri wengine wanamiminiwa. Mimi ndiye niliyeagiza. Nilionja, nikaipenda, nikakupa uonje nawe. Nilipokuwa mdogo, sherehe za aina hiyo zilinikuta nje na watoto wenzangu au jikoni nikimenya viazi, sikuwahi kuona kinachofanyika mbele ya wazee.

Natamani niishie hapo, lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya. Uliponiuliza "Tuinywe?" uliniuliza kwa sauti ya kanisani. Nilisikia kwamba swali lina uzito, na sikuuliza ni uzito gani. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni mwako tangu Mama alipokuwa hai. Nikaogopa kuigusa.

Na kile kiti cha tatu hakikuwa cha Harrison. Kilikuwa cha mtu anayeitwa Zein. Ni fundi wa lifti pale hospitalini, mtu wa Malindi, Mwislamu. Tumekuwa pamoja mwaka mmoja na nusu. Jioni ile nilikuwa nimepanga umwone. Nilichagua mkahawa mzuri na chupa nzuri kwa sababu nilitaka ulegee kidogo kabla hajaingia. Yeye hanywi, kwa hiyo tulikubaliana aje wakati wa kahawa, chupa ikishaondolewa mezani. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, ameshanunua shati. Ulipokwisha kunywa ukamshika Harrison bega, nilitoa simu chini ya meza nikamwandikia: Usije leo.

Baba, mimi ndiye niliyemwacha mtu nje. Halafu barua yako ikaja na nikaijibu kwa habari za lifti na sweta. Zein alipata habari za uchumba wangu kwa Blandina, aliyezisikia kwa watu wa kanisani akamwambia kwa nia njema kabisa, akidhani ni habari ya kufurahia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Jina langu babako amelisikia?" Nikasema bado. Akasema, "Basi anza hapo."

Nimeanza hapo. Anaitwa Zein. Ana miaka thelathini na sita, anasali, anacheka kwa sauti, na ananipenda. Nami nampenda.

Nakuomba radhi kwa aibu yote niliyokuletea mbele ya watu wa Kangema. Nijibu hata kama ni kwa ukali.

Binti yako,
Shiro


Karatina
9 Septemba 2024

Shiro,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili. Blanketi nimelirudisha Kangema mwenyewe. Kwa sasa sina la kuandika.

Baba yako


Lewisham
13 Oktoba 2024

Shiro,

Assalaam aleikum. Ungenisikiliza ningekuambia kwa mdomo, lakini kila nikianza unalia, nami nikiona unalia nasahau nililotaka kusema.

Sina ugomvi na babako. Mzee ana haki ya kukasirika, hata mimi ningekasirika. Uliponiambia amejibu mistari michache isiyo na jina langu, nilikuuliza, "Na wewe umemjibu nini?" Ukaniambia unangoja atulie. Shiro, wewe ni mtu wa kungoja watu watulie. Mwaka mzima uliningojesha nikiambiwa Mzee anakuja, akija atanijua. Akaja. Siku ile nilisimama pale kituoni, mabasi matatu yakapita, dereva wa la tatu akafungua mlango akaniuliza kama nimepotea. Nilikuwa nawaona kwa kioo mkicheka, na mwenzangu yule ameketi kwenye kiti changu. Sikukasirika. Niliona haya tu, mtu mzima na shati jipya.

Mama yangu ni mgonjwa na ananihitaji Malindi. Ametaja binti wa jirani yetu, mtu mwema, tumekua wote. Nimekubali. Nikah itakuwa katikati ya mwezi ujao, inshallah. Nimeshatoa notisi kazini. Ningependa usiisikie kwa Blandina.

Sijutii kukujua. Nisamehe pale nilipokukosea, nami nimekusamehe.

Zein


Karatina
3 Novemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Nimekukosea kwa kukaa kimya. Ngoja nieleze, halafu nitakupa habari njema.

Nilipoisoma barua yako nilikasirika wiki tatu. Hasira ilipoisha ikabaki aibu, na aibu haina haraka ya kuondoka. Nililibeba lile blanketi kwa miguu kutoka kituo cha Kangema hadi kwa mama yake Harrison, na kila niliyekutana naye njiani nilimwona kama anajua. Mama yule alinipokea vizuri, akaniambia mwanawe amemwandikia na kujilaumu. Akanipa uji. Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo.

Basi nikaanza kufikiri kama mwalimu. Mwalimu akiuliza swali ambalo mtoto hakufundishwa, kosa si la mtoto. Mimi nilikuuliza swali usilolijua, nikachukua jibu nililolitaka mwenyewe, nikatembea nalo hadi kwa majirani. Umefanya nipelekwe Kenton, umenilisha, umeninywesha, na muda wote sikukuuliza jambo moja la maana: mwanangu, kuna mtu moyoni mwako? Ningeuliza hivyo tu, kijana wa watu asingesimama kituoni.

Na la dini pia nimelifikiria. Sikufichi, nilishtuka. Nilikwenda kuzungumza na Mzee Omari, yule wa bucha karibu na msikiti, ambaye nimenunua nyama kwake miaka ishirini bila kumwuliza hata habari ya watoto wake. Kumbe mkewe ni Mkikuyu wa Othaya! Tulikaa hadi adhuhuri. Nikaondoka nimepungukiwa na hofu.

Kwa hiyo, mlete Zein Desemba. Nimesema. Margaret alinuna siku mbili, siku ya tatu akaniuliza watu wa Malindi wanakula nini. Nimenunua beberu mweusi, amefungwa nyuma ya nyumba, anakula hata kamba yake. Mzee Omari amekubali kuja mwenyewe tarehe 24 kumchinja, ili mgeni ale bila wasiwasi. Nimenunua na sufuria mpya mbili ambazo hazijawahi kuona nyama ya nguruwe, na Makena ameapa kuzilinda. Pombe haitakuwepo mezani, hata ya Margaret.

Nimejifunza kumwamkia. Nafanya mazoezi mbele ya kioo. Mwambie Zein kwamba nikikosea asicheke, au acheke, umesema ana kicheko kizuri.

Mwambie kwamba baba yako anamwomba radhi kwa kiti.

Baba yako anayekupenda,
Mwl. Githinji


Lewisham
27 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Usimchinje mbuzi.

Barua hii nimeituma kwa njia ya haraka ili ikufikie kabla ya tarehe 24. Mwambie Mzee Omari asante, na kwamba hatuna haja ya kumsumbua. Sufuria mzitumie.

Zein alirudi Malindi mwezi wa Oktoba. Ameoa siku kumi na moja zilizopita. Barua yako ilinifikia jana. Nilijua mwandiko wako kwenye bahasha nikaogopa kuifungua, nikidhani umeniandikia kwa hasira. Niliifungua kazini, kwenye chumba cha dawa. Nilipofika pale unaposema unafanya mazoezi mbele ya kioo, Blandina ilibidi amalizie shifti yangu.

Usijilaumu kwa kukaa kimya. Najua utajilaumu, kwa hiyo nakueleza jinsi ilivyokuwa. Zein hakuondoka kwa sababu yako. Angekungoja wewe hata mwaka mwingine. Aliyemchosha kwa kumngojesha ni mimi. Nilikuwa na miguu ya kuvuka barabara ile jioni, nimshike mkono nimwingize, niseme, "Baba, huyu ndiye." Ingekuwa dakika moja ya aibu. Nilipopata mistari yako michache ya Septemba ningekuandikia siku ile ile, nikuandikie tena kesho yake, mpaka ujibu. Nilikaa. Najuta, Baba. Najuta kila siku nikiingia lifti.

Nimefikiri kama nimwandikie nimwambie kwamba ulimkubali. Ingenipunguzia mimi, na ingemtesa yeye, na kumtesa binti wa watu asiye na hatia. Sitamwambia. Nakuomba nawe usimtafute, hata kwa wema.

Harrison nimemsamehe. Tunasalimiana, basi.

Nitakuja nyumbani tarehe 22, peke yangu. Shangazi Margaret akiuliza mgeni yuko wapi, na Makena akiuliza, na watu wa kanisa, usiwajibu chochote. Waambie wangoje nifike. Mara hii nitasema mwenyewe, wote wakisikia.

Nawe, Baba, ukiwa na swali, niulize.

Binti yako,
Shiro